Nyota nne kwa basi la Dar–Mbeya, na nyota ya tano ninayoidai

Nauza vitenge na mashuka Mwanjelwa, Mbeya. Mzigo wangu unatoka Kariakoo, na kwa miaka minne sasa naufuata kwa mabasi ya kampuni moja, mara mbili kwa mwezi, kwenda na kurudi. Wengi wakitoa maoni kuhusu basi wanazungumzia viti, kiyoyozi, sehemu ya kuchajia simu, soda na biskuti. Hayo nitayapitia. Lakini kilichonifanya nishike simu niandike ni namna mwenye mabasi haya anavyoishi na watu aliowaajiri, maana nimejua kwa kuumia kwamba hicho ndicho ninachokinunua ninapokata tiketi.

Jina la kampuni silitaji. Dereva, konda na dada mhudumu wamenieleza habari za mishahara na mikataba yao kwa kuniamini, na sitaki mmoja wao aitwe ofisini kwa ajili yangu. Nitaeleza nilichokiona, nawe ukipanda basi lolote unaweza kukitafuta kwa macho yako.

Nianze na kuumia kwenyewe. Mwaka 2019 nilikuwa nasafiri na kampuni nyingine, nimetoka Dar na marobota mawili kwenye buti. Upande wa Morogoro, mchana kweupe, barabara imenyooka, hakuna mvua, hakuna gari mbele yetu. Basi likaanza kusogea kushoto taratibu, kama mtu anayempisha mwenzake njiani. Breki haikukanyagwa. Nakumbuka changarawe zikigonga chini ya sakafu, mama wa kiti cha mbele yangu akiita Yesu, halafu tukalala ubavu mtaroni. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Mimi nilivunjika mtulinga, na mpaka leo mkono wangu wa kushoto haubebi jora la kitenge.

Dereva walimtoa kwa kioo cha mbele. Alikaa kwenye majani bila viatu, analia. Kijana mmoja alishaokota jiwe. Dereva akasema, wala hakuwa anamjibu mtu: "Nimeingia Dar jana saa nne usiku, saa kumi alfajiri nimeambiwa nigeuze." Baadaye, tukiwa hospitali, konda wake ndiye aliyenieleza vizuri. Yule bwana alikuwa analipwa kwa safari. Asiposafiri halipwi. Akichelewa kufika anakatwa. Mkataba hana, na dereva wa pili alikuwepo kwenye karatasi tu. Wiki haikuisha akafukuzwa, na kwenye kiti chake akawekwa kijana mwingine, kwa ratiba ile ile na malipo yale yale.

Nilipokuwa nyumbani nimefungwa bendeji nilirudi kichwani kwenye mgomo wa madereva wa Aprili 2015. Siku ile nilikwama stendi ya Ubungo, Dar, na mzigo wangu. Mabasi yamegoma, polisi wamepiga mabomu ya machozi, watu wanakimbia na watoto mgongoni, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wanawalaani madereva kwa sauti kubwa. Mei wakagoma tena, nikawalaani tena. Moja ya madai yao lilikuwa mikataba ya ajira. Mtu alikuwa anaomba karatasi inayosema ameajiriwa na nani, analipwa nini na anapumzika lini, mimi nikamwona mkorofi. Miaka minne baadaye nikavunjika mfupa ndani ya gari la mtu asiye na karatasi hiyo.

Sasa hii kampuni ninayoisifu.

Tunaondoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, saa kumi na mbili asubuhi. Kabla gari halijatoka geti, dereva anasimama katikati ya viti, anasalimia, anataja jina lake, kisha anasema maneno ambayo sikuwa nimewahi kuyasikia kwenye basi: "Mimi nawapeleka mpaka Ruaha Mbuyuni. Pale yupo mwenzangu aliyelala, yeye ndiye atakayewafikisha Mbeya." Mara ya kwanza nilidhani ni maneno ya kutupamba tu.

Tunapita Chalinze, tunashusha na kupakia Msamvu, tunavuka mbuga ya Mikumi kwa zile kilometa 50 za twiga na nyani, kwa mwendo ambao mtoto anaweza kuhesabu pundamilia. Kile kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kinachopiga kelele gari likizidi mwendo, katika miaka minne nimekisikia kwenye mabasi haya mara mbili. Kwenye mabasi mengine nimekisikia kikilia kutoka Makambako hadi Igawa, abiria wamekizoea kama jogoo wa jirani.

Saa saba mchana, pengine na nusu, tuko Ruaha Mbuyuni. Wanaopajua wanajua lile joto, vitunguu kwenye nyavu nyekundu vimepangwa pembeni mwa lami, mibuyu imesimama kwenye vilima. Pale tunapewa dakika arobaini. Sehemu nyingine hupewa ishirini, unakula chipsi kuku umesimama na mfupa unaumalizia kwenye kiti. Hapa mzee mwenye meno mabovu anakula akamaliza, na mwenye mtoto anapata muda wa kumbadilisha nepi.

Siku moja sikuwa na njaa, nikazunguka nyuma ya hoteli kutafuta kivuli, nikayaona yale maneno ya asubuhi kwa macho yangu. Kuna vyumba vya wageni, na kampuni imekodi viwili mwaka mzima. Dirishani wameweka pazia zito jeusi, ndani feni inazunguka, vitanda viwili vina vyandarua. Mlango ukafunguka, akatoka dereva wa Mbeya ametoka kuoga, shati la kampuni limepigwa pasi, chupa ya uji mkononi. Alikuwa ameingia pale jana mchana na gari la kutoka Mbeya, akalikabidhi kwa mwenzake wa Dar, akala, akalala, akaamka, akalala tena. Ndivyo walivyojipanga: madereva wa Mbeya hawaingii Dar, na wa Dar hawafiki Mbeya. Kila mmoja anaijua nusu yake ya barabara shimo kwa shimo, na usiku mmoja analala kwenye chumba hiki, unaofuata analala kwake na mke wake.

Yule bwana hakwenda moja kwa moja kwenye usukani. Alizunguka gari, akawa anaweka kiganja kwenye kila tairi na kukiacha hapo kidogo, kama unavyompima mtoto homa. Kwenye tairi la nyuma kulia akarudia mara mbili. Kisha mwenzake akampa kaunta buku lenye jalada gumu, kona zimeliwa. Nilisogea nikaomba kuliona, hakunificha. Mistari imechorwa kwa rula: tarehe, namba ya gari, saa ya kupokea, saa ya kukabidhi, tatizo la gari. Mwandiko wa mwenzake ulisema "breki nyuma kulia inapata moto, angalia." Na safu ya mwisho kabisa, imeandikwa kwa herufi kubwa: UMELALA SAA NGAPI. Siku ile aliandika 9.

Nikamuuliza, "Baba, na usipolala?"

Akanijibu kwamba ilishamtokea. Mtoto wake aliumwa malaria ya kupanda kichwani, simu za nyumbani zilimfanya akeshe pale pale chumbani. Gari la Dar lilipoingia akaandika 2. Mwenzake akampigia mzee, mwenye mabasi, ofisini. Abiria wakasubiri karibu saa mbili mpaka dereva wa akiba akaletwa kutoka Iringa kwa gari dogo, na yeye akapelekwa Mbeya akiwa amekaa kiti cha abiria. "Nilijua mwisho wa mwezi nitaikuta kwenye mshahara," akaniambia. "Nikafungua bahasha, mshahara mzima. Mama, tangu siku ile siwezi kuandika uongo kwenye hiki kitabu."

Ningeweza kuishia hapo na maoni yangu yangekuwa yamekamilika. Mtu alisema ukweli uliomgharimu tajiri wake fedha na muda, na hakuadhibiwa kwa kuusema. Wenye biashara wengi, na mimi nilikuwemo, tunawaambia wafanyakazi "mkipata tatizo semeni", halafu wa kwanza kusema ndiye wa kwanza kukatwa. Baada ya hapo hatuambiwi kitu tena, tunashangaa kwa nini mambo yanaharibika kimya kimya.

Wala haya si hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na kati ya siku na siku mfanyakazi apate saa 12 mfululizo za kupumzika. LATRA nao wanataka safari inayozidi saa 8 iwe na madereva wawili. Kutoka Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 800. Kwa hiyo mzee huyu anafanya kinachotakiwa, tofauti yake ni kwamba amekifanya kiwe chumba chenye kitanda badala ya jina kwenye fomu. Dereva wa pili anayelala kwenye kiti cha konda, shingo inaning'inia, muziki umewashwa, huyo hajapumzika, hata kama wakaguzi watamhesabu.

Nimekaa na mzee mwenyewe mara moja, bila kumjua. Ilikuwa safari ya kurudi Mbeya, kiti cha karibu na nyuma kabisa, pale ambapo kila tuta la barabara linakufikia mgongoni. Pembeni yangu baba mtu mzima, koti la kijivu, anakula karanga kutoka kwenye karatasi. Akaniuliza mzigo wangu huwa unafika salama. Nikamwambia ukweli: mvua za Machi maji yaliingia kwenye buti, mashuka yangu kumi na mawili yakapata madoa ya kutu, na kijana wa ofisi ya mizigo akanijibu kwamba aliyepakia vibaya ni mimi. Yule baba akatoa kalamu akaandika kwenye kiganja. Tulipofika Ipogolo akapanda mkaguzi wa tiketi, akashtuka, "Shikamoo mzee!" Ndipo nikajua.

Huwa anapanda hivyo, kila mwezi mara moja, tiketi amekata, kiti cha nyuma. Alianza maisha utingo kwenye malori ya Zambia, njia hii hii. Nilimuuliza kwa nini hawalipi madereva kwa safari kama wengine, maana hesabu yake ni rahisi. Akasema, "Mama, ukimlipa mtu kwa safari, hata ukimwambia pole pole hakusikii. Mfuko wake unamwambia vingine." Madereva wake wana mshahara wa mwezi na mkataba wa maandishi, na posho ya usiku wa Ruaha Mbuyuni iko pembeni. Likizo ya siku 28 wanaichukua kweli, haibadilishwi kuwa hela. Dereva mmoja alinifungulia simu yake nikaona michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mwezi chini ya mwezi, hakuna pengo. Mashuka yangu nililipwa baada ya siku tisa, na buti za magari yote zikabadilishwa mpira. Kijana wa mizigo bado yupo, na bado ana mdomo, lakini sasa anaandika hali ya mzigo kwenye risiti kabla ya kuupokea.

Kila baada ya miezi mitatu kuna fedha ya motisha. Nilitegemea nisikie anapewa dereva anayewahi kufika au konda anayejaza viti. Hapana. Inatolewa kwa gari zima, madereva wote wawili na konda kwa pamoja, na inaangalia malalamiko ya abiria, faini za barabarani na lile daftari kuandikwa vizuri. Kuwahi hakuna alama. Konda alikiri kwamba mwanzoni waligombana, huyu anamlaumu yule kwa faini yake. Mpango wa gari zima una kasoro hiyo, mzembe mmoja anawaumiza wenzake. Hata hivyo nimeona faida yake kwa macho: konda ndiye anayemkataza dereva, na dereva ndiye anayemkataza konda asisimamishe watu njiani.

Na mabasi ya usiku. Safari za usiku zilizuiwa tangu miaka ya tisini, zikaruhusiwa tena kuanzia Oktoba 2023. Kampuni kadhaa zilianza mara moja. Hawa walichelewa miezi mitano, na sisi wateja tulilalamika, kwa sababu mfanyabiashara anapenda alale njiani asubuhi awe Kariakoo. Sababu nilikuja kuisikia kwa dereva: mzee alisema hatoi gari la usiku mpaka aajiri madereva wengine wanne, kwa kuwa waliopo wangebebeshwa mchana na usiku. Halafu akawaita wote wakae waamue saa ya kuondoka. Ofisi ilitaka saa tano usiku kutoka Mbeya, maana tiketi za saa hiyo zinauzika haraka. Madereva wakakataa. Wakasema gari la saa tano litaanza kushuka Kitonga karibu na saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo usingizi unamshinda hata mlinzi, na pale ukikosea kona moja unakwenda korongoni. Wao wakataka saa kumi na moja jioni, wapite Kitonga karibu na saa tano usiku wakiwa bado wana macho. Mzee akapokea la madereva. Anakosa abiria kwa hilo, najua, kwa sababu hata mimi mara mbili nilishawishika kupanda gari la kampuni nyingine. Lakini mtu anayeshika usukani ndiye aliyeulizwa. Nimeishi miaka hamsini na mitatu, sijaona mara nyingi mwenye mali akimuuliza mtu wake swali ambalo jibu lake linapunguza mauzo, kisha akalifuata.

Juni mwaka jana tulikutana na ukungu kuanzia Mafinga. Ulikuwa ukungu wa kweli, taa za lori la mbele zinaonekana kama vijiko viwili vya maziwa, kisha hazionekani. Dereva akashusha mwendo, akawasha taa za hatari, tukawa tunatembea kama maandamano ya msiba. Nyororo tuliipita bila kuiona. Nyuma watu wakaanza: "Dereva vipi, unatulaza njiani?" "Kesho nina kesi mahakamani!" Mwanaume mmoja akasimama akasema kampuni irudishe nauli. Simu ya konda ikalia, ni mzee, anafuatilia magari kwenye kompyuta. Konda akaweka sauti ya juu ili wote tusikie. Mzee akauliza kama kuna mgonjwa, kama kuna mtoto mchanga, kama blanketi zinatosha. Kisha akasema, "Mwambie dereva asiharakishe. Mkifika nipigieni, hata iwe saa ngapi." Saa ya kufika hakuigusa. Gari zima likanyamaza. Tulifika Mbeya saa nne na nusu usiku badala ya saa mbili, na kabla konda hajafungua buti alipiga ile simu.

Mengine kwa haraka. Viti ni viwili kwa viwili, vizuri, isipokuwa safu mbili za mwisho ambazo miguu inabanwa. Kiyoyozi kinafanya kazi mpaka Ruaha Mbuyuni, penye joto lenyewe ndipo kinapoanza kudondosha maji kichwani mwa abiria wa namba za kati, na hili nimelisema mara tatu. Nauli ni ya daraja la kati, ndani ya ukomo ambao LATRA ilitangaza Desemba 2023, shilingi 67.84 kwa kilometa. Daraja la kawaida lilipangiwa 48.47, kwa hiyo mwenye bajeti ndogo atalisikia pengo hilo mfukoni. Desemba watu wanaporudi vijijini hawapandishi. Kukata tiketi kwa simu kunasumbua, fedha inakatwa na kiti hakitokei, unalazimika kupiga ofisini.

Ninachokwenda kukisema sasa kimenifanya nibadilishe biashara yangu, kwa hiyo nakiandika bila kujificha. Dukani kwangu nina mabinti wawili na kijana mmoja. Kwa miaka mingi, hesabu ya jioni ikipungua, shoti hiyo nilikuwa naikata kwenye mshahara wao, wote watatu sawasawa. Niliona ndiyo nidhamu. Matokeo yake walijifunza kunificha. Jora likipimwa vibaya, mita mbili zikapotea, wanayavuta majora mengine kidogo kidogo ili hesabu ikae sawa, na mteja aliyelipia mita nne anapewa tatu na robo tatu. Mteja wangu wa miaka kumi, mama mmoja wa Uyole, aliniletea kitenge akakipima mbele yangu. Niliona aibu ya mwili mzima.

Niliporudi na ile picha ya kaunta buku kichwani, nikaenda Ofisi ya Kazi kuuliza. Afisa kazi akanieleza kwa upole kwamba sheria hainiruhusu kukata mshahara hivi hivi: lazima hasara iwe kosa la mfanyakazi mwenyewe, lazima awe amekubali kwa maandishi, lazima apewe nafasi ya kujieleza, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara. Mimi nilikuwa nawakata watatu kwa kosa la mmoja, bila karatasi, bila kuwasikiliza. Nikarudi, nikawaita, nikawaomba radhi, na fedha niliyoweza kuihesabu nikairudisha kwa miezi minne. Nikanunua daftari. Sasa aliyekosea kupima anaandika, anataja jora na mita, na hakatwi. Mwezi wa kwanza makosa yalikuwa ishirini na saba, nikaogopa. Mwezi wa sita yalikuwa manne. Yale ishirini na saba yalikuwepo siku zote, nilikuwa siyaoni tu. Yule mama wa Uyole amerudi.

Kwa nini basi nyota nne?

Kwa sababu ya dada mhudumu. Yule anayetupa maji, anayemfuta mtoto aliyetapika, anayemshika mkono bibi kushuka ngazi za basi pale Makambako penye baridi ya kukata masikio. Madereva na makonda wana mikataba ya kudumu. Hawa mabinti wanapewa karatasi ya miezi mitatu mitatu, wanaongezewa au hawaongezewi. Motisha ya gari zima haiwahesabu, ingawa nusu ya malalamiko ambayo hayafiki ofisini yanamalizwa na wao. Mwaka 2023 mmoja niliyemzoea sana alipata mimba. Hakuna aliyemfukuza. Karatasi yake ilipoisha haikuongezwa, basi. Sheria ile ile ya 2004 inampa mwanamke siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua pacha, na mzee anayeijua sheria vizuri kiasi cha kukodi vyumba Ruaha Mbuyuni anaijua na hii. Sasa hivi binti yule anauza maandazi Soweto, hapa hapa Mbeya. Huwa nanunua kwake.

Nilimpigia mzee nikamwambia, kwa heshima zote. Akasema mabinti hawakai, wanaolewa, wanapata kazi nyingine. Nikamjibu kwamba madereva nao walikuwa hawakai mpaka alipowapa sababu ya kukaa. Alinyamaza, kisha akasema atalitazama. Huo ulikuwa mwezi wa tatu. Ninamwamini, maana mpira wa buti aliubadilisha, na bado nasubiri.

Wapo pia vijana wanaopakia mizigo pale Mbezi. Hao si wa kampuni, wanalipwa na sisi wenye mizigo, na anayeanguka na robota hana wa kumdai. Hili ni la stendi nzima na siwezi kumbebesha mtu mmoja.

Safari yangu ya mwisho ilikuwa wiki mbili zilizopita. Dereva wa kutufikisha Mbeya aliandika 8 kwenye daftari. Dada mhudumu wa siku ile ni mgeni kidogo, ana mwaka mmoja hivi kazini, mwembamba, anacheka kwa macho. Mikumi alipiga magoti sakafuni akafuta matapishi ya mtoto wa kiti cha tisa, akamfunga mama yake kanga yake mwenyewe kwa sababu gauni lilikuwa limelowa. Kanga hiyo hakurudishiwa. Tulipofika Nane Nane saa mbili na robo usiku alinishushia begi langu upande wa mkono mzima, kwa kuwa anajua habari ya mtulinga. Nikamwambia, "Haya mwanangu, tarehe 5 tutakuwa wote."

"Sijui, mama," akasema. "Karatasi yangu inaisha tarehe 30, na bado sijaambiwa kitu."